Dawati Halifundishi

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu Watanzania mlioko hapa London,

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huko nyumbani ada ilipofutwa mwaka 2001. Januari 2002 watoto walifurika. Darasa langu likafika wanafunzi 112, wengine wakikaa sakafuni. Nilifurahi, maana wapo waliokuwa wakichunga ng'ombe tu. Lakini madaftari 112 kwa siku, nani atayasahihisha? Nikawa nasahihisha ya waliokaa mbele. Wa nyuma nikawaacha. Jambo hilo linanisuta mpaka leo.

Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Hatua nzuri. Ila ukifungua mlango bila kuongeza walimu, anayeumia ni mtoto wa maskini. Mwenye uwezo humpeleka wake shule ya binafsi.

Sisi huku tunachanga, tunapeleka madawati, tunapiga picha. Ni vyema. Lakini tuwaulize pia viongozi wetu: walimu wako wangapi? Wanalala wapi? Dawati halifundishi, ndugu zangu.