Undugu Usiishie Kwenye Barua

Yafuatayo ni maelezo aliyoyatoa mwandishi mbele ya wazee na vijana wa Kitete, Tabora, kumkumbuka marehemu Padri Arnold Grol.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu vijana:

Katika nchi yetu neno "ndugu" limezoeleka mno. Twaanzia nalo barua, twaanzia nalo hotuba, kama nilivyofanya sasa hivi. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilihusu undugu wa binadamu wote. Kwa hiyo si vibaya leo tukamzungumzia mtu ambaye hakuzaliwa Afrika, naye akalichukua neno hilo hilo akalipeleka mahali ambapo wengi wetu hatulipeleki.

Padri Grol alikuwa Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Kazi iliyomjengea jina aliifanya Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mji huo ulikuwa na watoto wengi waliolala vibarazani. Mchana waliwaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha, wakayalinda magari hayo, wakapewa senti chache. Wengi walitoka Mathare, Pumwani na mitaa mingine ya mabanda, ambako akina mama walilea peke yao na kupika pombe ya magendo ili watoto wale. Mama alipokamatwa, watoto walibaki bila mtu. Watu wa mjini waliwaona kuwa ni uchafu wa kufagiwa. Walikamatwa, wakafungiwa, wakatoka, wakarudi pale pale.

Padri Grol aliwaendea huko huko barabarani, akawasikiliza. Mwaka 1973 akaanzisha shirika, na katika majina yote ya duniani akachagua jina la Kiswahili: Undugu. Shirika liliwapa watoto chakula na mahali pa kulala. Lakini haikuchukua muda kudhihirika kwamba chakula na blanketi havimtoi mtoto barabarani. Ndipo yakaja madarasa kwa waliopitwa na umri wa kuanza shule au walioshindwa karo, wakafundishwa kusoma, kuandika na hesabu, kisha ufundi. Vijana wakubwa walipelekwa kwa mafundi wa jua kali, wakajifunza kazi wakiifanya. Hatimaye shirika likawafikia mama zao na mitaa yao, likasaidia hata ujenzi wa nyumba za gharama ndogo. Lilikuwa limetambua jambo moja kubwa: mtoto wa barabarani ana kwao, na huko kwao ndiko tatizo lilikoanzia.

Atatokea mtu aseme: hayo ni ya Nairobi, sisi tulichagua njia nyingine. Ni kweli, lakini tuyaseme yote. Mwaka 1983 sisi tuliendesha kampeni ya Nguvu Kazi. Nia ya kutaka kila mtu afanye kazi ilikuwa njema, na ilitokana na msingi wa siasa yetu. Katika utekelezaji, hata hivyo, watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini. Tulimhamisha mtu bila kumwuliza kilichomtoa kwao. Mwandishi wa gazeti la Chama haoni aibu kulisema hilo, maana kujisahihisha nako ni sehemu ya siasa yetu.

Nanyi watu wa Tabora mnaijua habari ya vijana na njia kuliko watu wa Nairobi. Katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi alikwenda pwani na msafara akiwa mpagazi, na safari hiyo ndiyo iliyomfanya ahesabiwe mwanamume. Alikuwa mdogo, tena mbali na wazazi, lakini hakuwa mpotevu. Mbele yake alikuwapo kirangozi, na jioni alikuwa na kambi yake, watu wa chungu kimoja waliolijua jina lake. Njia hiyo hiyo ilipitisha watoto wengine waliofungwa kamba, ambao waliuzwa kama mali. Baadhi yao walikombolewa na Mapadri Weupe, wakalelewa hapo jirani, Kipalapala, katika miaka ya 1880. Kazi ya Padri Grol, basi, ilikuwa na mizizi karibu na milango yenu.

Reli ilipofika mwaka 1912 misafara ilikwisha, lakini safari za vijana hazikukoma. Treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda hukutana hapa, na watoto hushuka nazo. Hawa wa leo hawana kirangozi wala kambi.

Naomba niungame mbele yenu. Mwaka jana nilishuka stesheni usiku. Mtoto wa miaka kama kumi na miwili akaushika mkoba wangu, akitaka kunibebea apate chochote. Nilipiga kelele: "Toka, mwizi we!" Watu wakageuka. Mmoja wao akaokota jiwe. Mtoto akakimbilia gizani, Mungu akamnusuru. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na hotuba yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa "ndugu". Ndugu zangu, kelele yangu moja ingeweza kumwua mtoto yule, na kesho yake ningeandika habari kwamba mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira.

Hatuwezi kujitetea kwamba hatuna vyombo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, awe na wazazi au asiwe nao, na inaziwajibisha serikali za mitaa. Tulianzisha MEMKWA kwa ajili ya watoto walioikosa shule. Kitete ina maseremala, mafundi cherehani, mafundi baiskeli, makanisa na misikiti. Kinachopungua ni mtu wa kumshika mtoto mkono na kumfikisha huko. Kila fundi akikubali mwanafunzi mmoja, kila mjumbe wa shina akijua ni nani analala kwenye vibaraza vya eneo lake na kumfikisha kwa ofisa ustawi wa jamii, tutakuwa tumeanza.

Marehemu hakutuachia fumbo. Mtoto akishuka stesheni usiku huu, asiulizwe kwanza ameiba nini. Aulizwe jina lake, amekula wapi, na kwao ni wapi. Kisha aitwe ndugu, na anayemwita hivyo awe tayari kwenda naye mpaka asubuhi.