Majani si Kitu Kimoja
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kongowe)

Sisi makarani twajua sana kuandika khabari za ng'ombe: idadi yao, umri wao na ushuru wao. Lakini tufikapo kwenye malisho yao, twaandika neno moja tu, "majani", na pengine "pori tupu". Twataka kuonyesha hasara ya maneno hayo.

Majani ya malisho ni ya namna nyingi. Yako ya mwaka mmoja, ambayo huchipua kwa mvua, huzaa mbegu, kisha hufa. Yako ya kudumu, ambayo mizizi yake huweka akiba ardhini. Yakiliwa au yakikauka, akiba ile huyafufua mvua inyeshapo. Tena iko mimea ya jamii ya kunde. Mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Kiangazi, majani yakiwa makapi, kunde hubaki na chakula cha kujenga mwili. Malisho ya mchanganyiko ni kama ofisi yenye makarani kadha wa kadha: mmoja akiugua, kazi haisimami.

Wageni walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1937 mbegu za majani yaitwayo Cenchrus ciliaris zilitoka Dodoma zikapelekwa Australia, zikawa aina mashuhuri ya Biloela. Kutoka Kenya ilikwenda Gayndah, aina nyingine ya majani hayo hayo, na kunde iitwayo Tinaroo. Hata hivyo, huko majani yale yamevamia sehemu nyingine na kuisonga mimea ya asili. Hilo nalo ni onyo: jani jema likitawala peke yake hudhuru.

Hapa nchini tunayo Kongwa. Mwaka 1947 mashine zilianza kufyeka pori lake ili pandwe karanga. Mvua ilikuwa haba, udongo ukawa mgumu, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye pakawa mahali pa ranchi na utafiti wa malisho. Ardhi iliyokataa karanga ilikubali majani.

Kongowe yetu si kavu kama Kongwa, lakini kiangazi chatufikia. Wafugaji walipoondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, mifugo mingi iliingia mikoa ya Pwani na Lindi. Ng'ombe huchagua yaliyo matamu. Yasipopumzishwa, mizizi hudhoofika, na yaliyo bora hutoweka kwanza. Hubaki ya mwaka mmoja na miiba. Atazamaye kwa mbali husema, "Majani yapo." Kumbe njaa ipo, na ng'ombe huingia katika shamba la mwenziwe mkulima. Ugomvi huanzia hapo.

Iko sheria ya mwaka 2010 juu ya maeneo ya malisho. Lakini sheria husoma yaliyoandikwa. Basi twaombana hivi: aandikaye mpango wa kijiji atembee porini pamoja na mzee mfugaji, aulize jina la kila jani, aandike lipi la kudumu, ipi ni kunde, na wapi papumzishwe. Mzee anayo majina mengi. Daftari letu lina moja. Ambaye pori lake limeandikwa "tupu" aweza kulikosa bila kosa lake, ila kosa la kalamu yetu.