Ufundi wa Ngoma Ndani ya Noti: Maisha ya Justinian Tamusuza na Somo kwa Walimu wa Kwaya wa Songea

1. Utangulizi



Waimbaji wetu husoma noti kanisani asubuhi, na jioni kwenye sherehe huingia kwenye ngoma ya lizombe. Tumezoea kusema noti ni elimu, ngoma ni burudani. Mada hii inaupinga mgawanyo huo, kwa kuangalia maisha na kazi za Dk. Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Makerere.

2. Maisha yake

Tamusuza alizaliwa mwaka 1951 huko Kibisi, Uganda. Alikua akijifunza kuimba, kupiga ngoma na kupiga endingidi, zeze la uzi mmoja la Waganda. Baadaye alisoma Queen's University, Belfast, ambako alifundishwa na mtunzi wa Afrika Kusini Kevin Volans, kisha akapata shahada ya uzamivu katika chuo cha Northwestern, Marekani. Alirudi Uganda kufundisha Makerere.

Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet lilitoa albamu ya *Pieces of Africa*, yenye sehemu ya kwanza ya kazi yake *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*. Albamu hiyo iliongoza chati ya muziki wa klasiki Marekani.

3. Ufundi wake

Ili kuuelewa ufundi wake, tuitazame kwanza amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya mashina ya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza anapiga sauti zake kwa mwendo usiobadilika. Wa pili anaingiza zake katikati ya zile za kwanza, bila kugongana. Wa tatu, kwa vibao viwili tu, anaokota sauti fulani kutoka katika mchanganyiko huo. Masikio husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake.

Katika *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, Tamusuza alichukua utaratibu wa namna hiyo akaupa vayolini mbili, viola na selo. Ngoma hapo haikuwa pambo. Ndiyo iliyoujenga muziki wenyewe.

4. Hali yetu Ruvuma

Hata kwetu suala hili si geni. Mwaka 1963 padre Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu *Church Law and Bantu Music*, kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliidhinisha hati ya liturujia iliyotaka muziki wa jadi wa mataifa uheshimiwe. Mlango ulifunguliwa. Lakini nyimbo zetu nyingi bado ni sauti nne za Kizungu, na ngoma imewekwa pembeni kushika mwendo tu.

5. Mapendekezo

(a) Kabla ya kutunga, mwalimu akae na wapigaji wa ngoma kama lizombe, kioda au mganda, aandike kazi ya kila ngoma peke yake: ipi inaanza, ipi inajibu, mguu unatua wapi.

(b) Kazi hizo zigawiwe sauti za kwaya. Besi ianze, teno ijibu kwenye nafasi zilizoachwa, badala ya wote kutamka silabi moja kwa pamoja.

(c) Maneno yasomwe kwa sauti kabla ya kuwekewa noti, ili mkazo wa wimbo uangukie pale unapoangukia katika usemi.

6. Hitimisho

Naomba semina hii iazimie kwamba kila kwaya ilete kwenye mkutano ujao ngoma moja ya kwao iliyoandikwa kwa noti. Wazee wanaozijua bado wapo. Tuwafuate sasa, tukiwapa heshima wanayopewa walimu.