Mwenye jengo awe na taarifa za jengo lake

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wasanifu majengo, wahandisi, wakadiriaji majenzi na wakandarasi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya matumizi ya modeli za kompyuta katika ujenzi, jambo ambalo wataalamu hulifupisha kwa herufi tatu, BIM. Fundi wa zege akilisikia neno hili hudhani kwamba tunazungumza juu ya bimu yake iliyolala juu ya nguzo, wala simlaumu, maana hata maofisini wako wanaolitaja kila siku bila ya kujua lina maana gani. Kwa hiyo nitaanza na jambo lenyewe, kisha niingie katika lile linalonisumbua, nalo ni hili: tukishanunua programu hizi na kuzitumia, taarifa za majengo yetu zitakuwa mikononi mwa nani?

Ramani tuliyoizoea ni mistari. Mistari miwili inayokwenda sambamba ni ukuta kwa sababu mimi na wewe tulifundishwa hivyo. Karatasi yenyewe haijui. Katika modeli, ukuta unajulikana kuwa ni ukuta. Una unene na urefu, umejengwa kwa matofali ya aina fulani, na una mlango ambao nao unajulikana kuwa ni mlango. Ukiusogeza mlango huo, ramani ya sakafu, ramani ya uso wa jengo na orodha ya milango hubadilika kwa pamoja. Bomba la maji machafu likipitishwa katikati ya bimu, kompyuta hulionyesha kosa hilo kabla fundi hajashika nyundo na tindo. Wala wazo hili si la jana: Profesa Charles Eastman wa Marekani alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1975, wakati ambapo kompyuta yenyewe ilikuwa kitu cha kwenda kutazamwa.

Sasa, jengo halifanywi na mtu mmoja. Msanifu ana programu yake, mhandisi wa nguzo na zege ana yake, wa umeme na mabomba ana yake, na mkadiriaji majenzi ana nyingine ya kuhesabia. Programu hizi zimetengenezwa na makampuni yanayoshindana, na kila kampuni huhifadhi kazi katika faili la namna yake. Msanifu akimpelekea mkadiriaji faili ambalo programu yake haiwezi kulisoma sawasawa, ukuta hufika ukiwa umbo tu, kama jiwe: unauona, lakini haukwambii umejengwa kwa nini wala una milango mingapi. Mkadiriaji hulazimika kukaa na kuhesabu upya kwa macho, kama alivyofanya babu yake. Serikalini siku hizi husemwa kwamba mifumo sharti isomane. Neno hilo limekaa vizuri, nami nitalitumia.

Hasara ya kutosomana si ya kubuni. Mwaka 2004 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa taarifa iliyokadiria kwamba katika mwaka 2002, ujenzi na uendeshaji wa majengo ya biashara, ya taasisi na ya viwanda nchini humo ulipoteza dola bilioni 15.8 kwa sababu hiyo. Naomba tuitazame tarakimu inayofuata, kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Katika fedha hizo, karibu dola bilioni 10.6 ziliwaangukia wenye majengo na waendeshaji wake. Msanifu na mkandarasi humaliza kazi wakaondoka. Anayebaki na jengo miaka hamsini, akitafuta valvu iko nyuma ya ukuta gani, ni mwenyewe.

Hata makampuni makubwa yamepatwa na mkasa huu. Wakati ndege ya Airbus A380 ilipokuwa ikitengenezwa, wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la zamani la programu ya kuchorea, na wenzao wa Toulouse, Ufaransa, wakatumia toleo jipya zaidi. Programu ilikuwa ya jina moja na mwenye nayo mmoja. Nyaya za umeme zilipofika kufungwa ndani ya ndege zikaonekana hazienei katika nafasi zake, na mwaka 2006 kampuni ikatangaza kucheleweshwa tena na tena kwa ndege hiyo. Nautaja mfano huu wa ndege kwa sababu wako wanaodai kwamba dawa ni rahisi, yaani sote tununue programu moja basi yaishe. Airbus ilikuwa na programu moja.

Tena hiyo dawa ya programu moja ina bei. Kampuni ya Autodesk, ambayo programu yake ya Revit hutumiwa na wasanifu wengi duniani, iliacha mwaka 2016 kuuza leseni za kudumu za programu zake nyingi. Tangu hapo mtumiaji hulipa kodi kila mwaka kama mpangaji. Faili la Revit lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani. Asiyelipa kodi hubaki nyuma, na aliyebaki nyuma hawezi kusoma kazi ya mwenzake. Linganisha na ramani ya karatasi: iliyochorwa mwaka 1910 husomeka leo kwa macho matupu, ilimradi mchwa hawakuifikia.

Njia nyingine ipo, na cha kuchekesha ni kwamba Autodesk yenyewe ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 1994 iliyaita makampuni 12 ya Marekani kutafuta namna ya programu kusomana. Umoja huo baadaye ulipanuka ukawa wa kimataifa, na leo unaitwa buildingSMART. Matunda yake ni mpangilio wa wazi uitwao IFC, ambao si mali ya muuza programu yeyote, na ambao mwaka 2013 ulipokewa kuwa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739. Kwa kawaida faili la IFC ni maandishi. Unaweza kulifungua kwa programu ndogo kabisa ya kuandikia ukayaona majina ya kuta, nguzo na milango yamepangwa mstari baada ya mstari. Bomba la nusu inchi lililotengenezwa China huingia katika koki iliyotoka India bila ugomvi, kwa kuwa vipimo vyake vilikwisha kukubaliwa. IFC inakusudia vivyo hivyo.

Yafaa tusiipambe kupita kiasi. Modeli ikitolewa katika programu moja kwa njia ya IFC na kuingizwa katika nyingine, mara nyingi husomeka vizuri lakini si rahisi kuihariri kama ilivyokuwa kwa mwenyewe wa kwanza. Tena mtoaji mvivu anaweza kukupa faili ambalo kila kitu ndani yake kimeandikwa kuwa ni umbo lisilo na jina. Ndiyo maana mimi husema kwamba mwenye jengo adai mafaili yote mawili, la asili na la IFC, na aeleze katika mkataba ni taarifa zipi anazozihitaji. Kudai kila kitu ni sawa na kutodai chochote.

Waliotutangulia walifanya hivyo kwa kutumia nguvu ya mnunuzi. Statsbygg, shirika la majengo ya serikali la Norway, liliamua kwamba kuanzia mwaka 2010 miradi yake itumie modeli za IFC. Singapore ilianza mwaka 2013 kudai modeli za usanifu kwa majengo makubwa, kisha ikashuka hatua kwa hatua hadi, mwaka 2015, majengo yote mapya yenye zaidi ya mita za mraba 5,000. Uingereza ilitangaza nia yake mwaka 2011 na kuitekeleza mwaka 2016 katika miradi ya serikali kuu. Iliwapa watu wake miaka mitano ya kujiandaa.

Na sisi? Hapa Tanzania mnunuzi mkubwa wa ujenzi ni umma. Tunalo Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Tunao Wakala wa Majengo. Tunalo Shirika la Viwango, na hizo bodi za usajili ambazo wengi wenu mnazilipa ada. Vyombo hivi vikikaa pamoja vinaweza kuandika kifungu kimoja cha mkataba kinachofaa kwa shule, hospitali na ofisi.

Liko jambo la vyuo pia. Wanafunzi hupewa programu za makampuni makubwa bure, na hupokea kwa furaha, lakini wanapohitimu huwa wanajua kusema lugha moja tu, na mwajiri wao ndiye anayeanza kulipa. Wafundishwe programu hizo, ndiyo, lakini wafundishwe pia kutoa na kukagua faili la IFC. Zipo programu za bure za kulisomea, FreeCAD mojawapo. Mkandarasi wa daraja la saba hana dola za kulipia leseni kila mwaka, lakini akiwa na kompyuta ya kawaida anaweza kuifungua modeli ya zahanati anayotaka kuiombea zabuni, akapima zege lake mwenyewe badala ya kukisia.

Ndugu Mwenyekiti, wako wenzetu humu watakaosema kwamba hayo ni mazito mno kwa kuanzia. Mimi napendekeza jaribio dogo. Jengo moja la umma likikamilika, faili lake la IFC lipelekwe katika ofisi nyingine, yenye programu ya kampuni nyingine, na vijana wa ofisi hiyo waambiwe wahesabu milango, madirisha na taa kwa siku moja. Hesabu yao ilinganishwe na ile iliyomo katika jengo lenyewe. Zisipolingana, malipo ya mwisho ya aliyetengeneza modeli yangoje mpaka zilingane.