Mbegu ya Liki: Bustanini au Dukani?

Msikilizaji, tuingie bustanini. Je, mkazi wa Chato anaweza kujipatia miche ya liki bila kununua mbegu?

Kwanza, hali halisi. Liki ni jamaa ya kitunguu, na kwa kawaida haitoi ua mpaka ipigwe na baridi ya wiki kadhaa. Huku kandokando ya Ziwa Victoria baridi hiyo hatuna. Walau Njombe wanayo. Liki ikichanua, unaweza kuacha kichwa cha maua kikauke, ukavuna mbegu. Lakini ipo njia nyingine inayonivutia zaidi: unakata vitumba vya maua vikiwa bado vichanga, na kwenye kichwa kilekile huweza kuota vijitunguu vidogo. Ukivipanda, unapata miche inayofanana kabisa na mama yake.

Sasa tugeukie upande wa pili. Mbegu ya dukani ina usimamizi, chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Ya kwako, ukiiweka kwenye joto kwa mwaka mzima, sehemu kubwa haitaota. Na ukivuna kutoka kwenye mmea chotara, watoto hawatafanana na mzazi. Hata hivyo, pakiti hununuliwa kila msimu, na kwa mama anayemwagilia kwa ndoo, hiyo ni hela ya mboga.

Kwa maoni yangu, Chato tuanze na mchicha na mnavu, ambavyo hutoa mbegu bila kungoja baridi. Je, msikilizaji, mbegu ya msimu ujao unayo nyumbani, au bado iko dukani?