Mtoto Mgonjwa na Chupa za Vitamini



Wazazi wangu, ndugu zangu, mada yangu ni fupi, lakini yahusu kila nyumba yenye mtoto wa selimundu, ile tuiitayo sikoseli.

Mtoto akichoka na macho yakawa manjano, twafanya nini? Mama hukimbilia duka la dawa akanunua chupa ya vitamini. Shangazi huleta mafuta ya ini la samaki. Nyanya naye ana dawa ya kuongeza damu. Wote wana mapenzi, na mtoto hunyweshwa zote. Ni nani aliyesoma maandishi ya chupani?

Vitamini B na C zikizidi, nyingi hutoka kwa mkojo. A na D hazitoki upesi. Mwili huziweka akiba. A ikizidi, mtoto huumwa na kichwa, hutapika, na ini huharibika. D ikizidi, kalisiamu hujaa kwenye damu ikaumiza figo, na figo za mtoto huyu tayari zasumbuliwa na maradhi yake. Mafuta ya ini la samaki yana zote mbili.

Kubwa zaidi ni madini ya chuma yaliyomo kwenye dawa ya damu. Mtoto wa sikoseli hupungukiwa na damu kwa kuwa chembe zake huvunjika mapema, na chuma chake hubaki mwilini. Akiongezwa damu hospitali, mfuko mmoja wa mtu mzima una kama miligramu 200 mpaka 250 za chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Hujikusanya kwenye ini na moyo. Ukimpa dawa ya damu bila kupimwa, wamwongezea mzigo. Vitamini C nayo huufanya mwili ufyonze chuma zaidi.

Basi tufanyeje? Kwanza, siku ya kliniki tia chupa zote kwenye mfuko, hata za miti shamba, umwonyeshe daktari. Pili, foliki aliyoandikiwa usimwachishe. Hiyo yamsaidia kutengeneza damu. Tatu, vidonge vya chuma viwekwe mbali. Vyafanana na peremende, na mtoto mdogo akivila vingi vyaweza kumuua.

Mchicha, maharagwe, samaki na maembe mpeni bila hofu. Mtoto ni amana. Kabla ya kumnywesha kijiko kingine, tuulize kwanza.

Wabillahi tawfiq.