Shingo Inapokataa Kuelekea Mbele

Leo hatukuja kukagua maduka ya dawa. Tumekuja kuzungumzia ugonjwa unaoanza polepole: shingo huvutwa upande mmoja, kichwa hugeuka au hutikisika chenyewe, na mwenye shingo hana amri nayo. Wataalamu huuita distonia ya shingo. Hauambukizi, wala si kazi ya shetani. Chanzo kimo ubongoni, ambako amri za kukaza na kulegeza misuli huvurugika.

Wengi hawajui kwamba shingo, pamoja na kubeba kichwa, huupasha ubongo habari. Misuli yake ina vihisio vingi vinavyoeleza kichwa kimeelekea wapi. Habari hizo huunganishwa na zile za macho na za sikio la ndani, ndipo mtu akasimama wima bila kuyumba. Mama aliyezoea kujitwika ndoo ya maji analifahamu jambo hili kuliko sisi. Habari zikipotoka, mgonjwa huweza kudhani amenyooka ilhali amepinda. Wagonjwa wengi hugundua wenyewe kwamba wakigusa kidevu au shavu kwa kidole, bila kusukuma, shingo hulegea kwa muda. Watazamaji husema anajifanya. Hajifanyi hata kidogo. Mguso ule umeupa ubongo habari mpya.

Tiba inayotegemewa zaidi ni sindano ya botulinamu. Ni sumu itokanayo na bakteria, ambayo kwa kipimo kidogo mno hulegeza msuli uliokaza. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa, hudumu takriban miezi 3, kisha sindano hurudiwa. Chanzo hakiondoki. Maumivu hupungua na kichwa husogea kuelekea mahali pake, lakini hisia ya mahali kichwa kilipo huenda isirejee yote. Kwa hiyo ombeni pia mazoezi ya fiziotherapia.

Tusifichane: dawa hii ni ghali. Ulizeni gharama ya mwaka mzima, si ya sindano moja. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na yuniti za chapa moja si sawa na za nyingine. Dawa hiyohiyo hutumika kuondoa makunyanzi usoni. Msikubali kuchomwa saluni wala na mtu asiye tabibu aliyefunzwa kazi hiyo. Baada ya sindano, kumeza kukiwa kugumu, sauti ikibadilika au pumzi ikibana, hata siku kadhaa zikiwa zimepita, kimbilieni hospitali.

Shingo inayopinda ghafla ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapoomba usikivu zaidi. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, na haloperidoli, itumikayo kwa magonjwa ya akili, huweza kupindisha shingo, taya au macho ndani ya saa au siku chache, hasa kwa watoto na vijana. Familia huona mashetani, na usiku unapita kwenye ngoma. Mpelekeni kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza. Ipo dawa ya kuliondoa tatizo hilo, na mara nyingi nafuu huonekana upesi. Kama shingo imekakamaa pamoja na homa, msingoje kuche: huenda ni homa ya uti wa mgongo.

Na msimruhusu mtu yeyote kuinyoosha shingo kwa kuikunja kwa nguvu. Mshipa wa damu uendao ubongoni huweza kuchanika, mgonjwa akapata kiharusi.

Anzeni zahanati, wao watawapa rufaa, ikibidi hadi Bombo, Tanga, au Muhimbili. Dawa ikiwadhuru, mwombeni mhudumu wa afya aipelekee taarifa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mtunze kasha lake.

Sasa tupokee maswali. Tuanze na walioko nyuma, maana wamesimama muda mrefu.